Spageti Baridi na Imondo ya Baba

Jumatatu, 3 Februari

Simsim imeungua tena. Mara ya tatu leo. Nilikuwa naangalia picha badala ya kuangalia sufuria. Simsim haitaki mtu wa macho mingi. Dakika moja iko nyeupe, ingine inarukaruka, halafu moshi. Mama amesema nitamaliza mbegu yake yote kabla mvua ije. Ni kweli. Lakini nimefurahi tu. Nyumba yote inanukia vizuri.

Picha yenyewe iko kwa lile gazeti la mapishi aliniachia Mama Yumi, bibi ya yule injinia Mjapani aliyekuja kufunga mashine kwa kiwanda ya sukari. Nilimfulia nguo miezi minane. Disemba wakarudi kwao. Gazeti yote ni Kijapani, sijui hata herufi moja. Lakini nilikula hii chakula jikoni kwake mara nne na mdomo wangu unakumbuka. Spageti baridi kabisa. Juu yake tango, karoti, mayai, kuku, zote zimekatwa nyembamba kama njiti za kiberiti. Halafu mchuzi mzito wa simsim. Chumvi, sukari, siki, tangawizi, zote zinakuja pamoja. Mara ya kwanza nilicheka nikiwa nimejaza mdomo.

Nataka kupika hiyo kitu na kuuza. Nimesema. Kwa daftari tu, lakini nimesema.

Jumanne, 4 Februari

Nimesema kwa mdomo pia!

Baba amejenga chumba pale soko ya Shianda na pesa ya miwa. Siku hizi kila mtu anajenga. Mabati mpya inang'aa kila mahali mpaka macho inauma. Chumba haina mtu bado. Bwana Osundwa anakitaka, aweke mbolea na dawa ya kunyunyiza. Mimi nakitaka zaidi.

Nilingoja jioni tukikula ingokho, kuku wa kienyeji. Baba alikuwa anatafuna imondo yake. Hapa kwetu imondo, ile firigisi ya kuku, ni ya mwenye nyumba, hakuna mwingine anaguzanga. Kwa mila yetu wanawake hawakuli kuku. Mama alianza alipookoka, shingo na mabawa, lakini imondo hajawahi. Baba akitafuna imondo anafunganga macho na anakuwanga mtu mzuri. Ndio maana nilingoja hapo.

Alicheka kwanza. Akasema, "Chakula baridi? Unataka nifukuziwe wageni?" Halafu akafikiria. Jumapili baada ya kanisa ana wageni watatu: Pasta, rafiki yake Mzee Namayi, na huyo Osundwa mwenyewe. Nipike. Sahani zote zikirudi tupu, na yake ikiwa ndani, ufunguo ni wangu. Ikibaki hata moja, chumba ni ya Osundwa na mimi naenda Kakamega kusomea taipu.

Taipu! Kukaa kwa kiti mwaka mzima nikigonga. Nimejifundisha kushona. Nimejifundisha baiskeli. Nilifungua redio ya Baba nikairudisha, na ilibaki skrubu moja tu. Taipu nitakufa.

Jumatano, 5 Februari

Shida ni spageti. Ya duka inalala tu kwa sahani, imechoka. Ya Mama Yumi ilikuwa inarudi ukiivuta. Inabishana na meno. Nimejaribu kupika kidogo, nimejaribu kupika sana. Nimeongeza mafuta. Bure. Kuku za nje zimekula spageti leo mpaka zimekataa.

Mama alikuwa kando anapika mrenda. Akaweka omusherekha yake, ile maji ya majivu ya maganda ya maharagwe ambayo anachuja na kuweka kwa chupa. Inafanya mboga inakuwa laini, na inachoma ulimi kidogo ukionja peke yake. Na hapo nikakumbuka harufu. Jikoni kwa Mama Yumi maji ya spageti ilikuwa inanuka hivyo hivyo! Yeye alikuwa anaweka unga fulani nyeupe.

Nikamwaga vijiko viwili kwa maji ya spageti bila kuomba.

Ikageuka rangi. Ikawa manjano. Nikaitoa, nikaiosha kwa maji baridi, nikavuta moja. IMERUDI. Ilinigonga kwa kidevu. Nimepiga kelele mpaka Mama ameacha mwiko.

Akaonja. Akasema, "Imefanana na kitu ina maisha." Kutoka kwa Mama hiyo ni sifa kubwa.

Alhamisi, 6 Februari

Barafu. Nilipewa kipande kikubwa kwa friji ya soda pale sokoni, nikafunga na gunia, nikapanda baiskeli mbio mbio. Nikafika na gunia yenye maji. Mgongo wote umelowa. Watoto wa jirani wamecheka, mimi pia.

Kwa hivyo nimeamua ni mtungi. Nachemsha maji asubuhi, naweka kwa mtungi, nafunga mtungi na gunia yenye maji, naweka chini ya ghala kwa kivuli. Kesho yake maji inauma meno. Sijui kwa nini sikufikiria hiyo kwanza. Nakimbilianga mbali kila wakati.

Soya sosi ya Mama Yumi, ile mchuzi nyeusi ya chumvi, imebaki nusu chupa. Inatosha. Nimeificha kwa sababu Mama alifikiri ni dawa ya kikohozi na alikuwa karibu kumpa jirani.

Jumamosi, 8 Februari

Naogopa. Sitaki kuandika mingi.

Simsim iko sawa, rangi ya kahawia, sikugeuza macho hata kidogo. Nimeisaga kwa jiwe la Mama mpaka ikatoa mafuta. Sukari ya kwetu, siki, tangawizi, kitunguu saumu, soya sosi. Nimeonja mara kumi. Ya kumi ilikuwa ya ulafi tu.

Mama amenishikia jogoo wa kesho. Ameniuliza kama kweli naweza kuwapa wanaume chakula imepoa. Kwake mgeni akipewa kitu baridi ni kama kuambiwa aende. Nimemwambia hii haijapoa, hii imepozwa.

Naenda kunoa kisu.

Jumapili, 9 Februari

Nimekosa. Naandika yote ili nijue nilikosea wapi.

Asubuhi ilikuwa nzuri sana. Sikuenda kanisa. Nilikata matango. Nilikata karoti. Nilikaanga mayai nyembamba kama karatasi, nikakunja, nikakata. Nilichemsha jogoo, nikachambua, nikakata. Kisu kilikuwa kikali na mkono ulikuwa unaenda wenyewe. Maini, nikakata. Kila kitu njiti, njiti, njiti, kama kwa picha. Nikapanga juu ya spageti kwa sinia kubwa, kila kitu mstari yake, kama gurudumu ya baiskeli. Nilisimama nikaiangalia. Ilikuwa maridadi kushinda ya gazeti. Naapa.

Wakaja na jua kali kichwani, mashati imeshika mgongo. Nikapakua kwa bakuli, kila mtu yake, nikizunguka sinia. Mwisho ikabaki upande mmoja tu, nikawekea Mama, nikampelekea jikoni kwa sababu huwa hakai na wageni. Mimi nikasimama kwa mlango nikiangalia midomo yao.

Mzee Namayi akaguza na kidole. "Msichana wangu, moto wako umezima?" Akavuta spageti moja juu mpaka mkono ukaisha. "Hii naweza kufungia ndama." Wote wakacheka. Halafu akaweka kwa mdomo. Akaacha uma akatumia mkono, na huyo mzee akitumia mkono ujue ni kweli. Pasta alisema joto imemtoka mpaka kwa miguu. Hata Osundwa alikuwa anakula kichwa imeinama, hasemi mambo ya mbolea. Nilitaka kuruka.

Baba alikuwa anageuza. Hakuli. Anageuza tu, anatafuta, kama mtu ameangusha shilingi kwa nyasi. Akauliza polepole, "Imondo iko wapi?"

Niliikata. Niliikata njiti, njiti, njiti pamoja na zingine. Nilikuwa nimeipangia mstari yake.

Mzee Namayi akasema, "Labda huyo jogoo alizaliwa bila." Hakuna mtu alicheka.

Na Mama akasema kutoka jikoni, sauti yake ya kawaida kabisa, "Iko kwangu. Nimeila."

Uma ya Pasta ilibaki hewani. Mama akaongeza, "Sikujua ni yenyewe. Lakini nimeila. Iko tamu."

Baba akaweka uma chini. Bakuli ya Namayi ilirudi tupu. Ya Pasta tupu. Ya Osundwa tupu, ameilamba huyo. Ya Baba ilirudi imejaa.

Osundwa akifuta mdomo akauliza anaweza kuleta magunia lini.

Jumatatu, 10 Februari

Baba hajaniongelesha. Mama pia hamwongeleshi, lakini si kwa hasira. Amepika, amefagia, ameimba wimbo wa kanisa.

Osundwa amekuja na kamba kupima chumba. Alisema spageti ilikuwa nzuri na niipike pale Kakamega nikimaliza taipu. Namchukia. Jana sikuenda kanisa kwa hivyo wacha nimchukie leo nimalize.

Tulikuwa tunaosha vyombo. Mama akasema bila kuniangalia, "Inakuwa ngumu kwanza. Halafu ukitafuna inakuwa tamu."

Sikujua anaongea juu ya nini.

"Imondo," akasema. "Miaka ishirini na sita namuoshea, namuondolea ile ngozi ya ndani, nampikia. Sikuwa najua."

Akaendelea kuosha. Mimi nilisugua sufuria moja mpaka maji ikapoa. Nilikuwa nalia na sikutaka aone.

Jumatano, 12 Februari

Leo wakata miwa wameingia kwa shamba yetu. Shamba ilichomwa jana ili majani iishe. Jua ni kama pasi. Baba yuko nao tangu asubuhi kwa sababu anaogopa wakate juu na kuacha sukari chini.

Saa sita kila mwaka tunawapelekeanga obusuma, ugali ya kwetu, na maharagwe, moto kabisa, na wanakula wakitokwa na jasho mpaka kwa sahani. Nilikuwa nimeshaweka maji ya ugali. Mama akatoa sufuria kwa moto. Akasema, "Pika ile yako. Peleka."

Nikamuuliza, na Baba? Akasema, "Yeye pia ana jasho."

Ilibaki pakiti nne ya spageti. Hakuna kuku, nimeweka mayai na tango na karoti tu. Nimekata haraka, zingine mnene. Mama alisaga simsim mwenyewe, na anasaga kunishinda. Nikafunga sufuria na gunia ya maji, nikaweka kwa baiskeli.

Wakata miwa walikuwa weusi wote na majivu, meno tu ndio inaonekana. Mmoja akauliza kama kwetu kuni imeisha. Akaonja. Akaita mwenzake. Halafu wote kumi na moja wakaja na sikuwa na sahani za kutosha, wakakula kwa vifuniko na kwa majani ya ndizi. Mmoja akajikamulia maji ya gunia kwa shingo.

Baba alisimama mbali na fimbo yake. Nilimpelekea kwa kifuniko cha sufuria. Alikula akiwa amesimama, akiangalia miwa. Alikula kama mtu anahesabu. Halafu akainamisha kifuniko akakunywa mchuzi wa mwisho.

Akanirudishia. "Tangawizi ni kidogo," akasema. Akaenda kugombana na mtu aliyekata juu.

Tangawizi ni kidogo! Nimeendesha baiskeli mpaka nyumbani nikisema hiyo maneno kwa sauti. Nimejaribu kutoifurahia sana. Nimeshindwa.

Jumapili, 16 Februari

Nimeenda kanisa. Nimemsamehe Osundwa, kiasi.

Baba alichelewa kurudi. Alikuja na kuku amefungwa miguu, wa kununua, na sisi tuna kuku nje wamejaa. Akakaa kwa mlango wa jikoni. Hakuna siku amekalia hapo. Mama alikuwa anachambua maharagwe.

Akaniambia nipike ile kitu. Nikasema sawa. Akakohoa. Akasema, "Na imondo. Ikate mara mbili."

Mkono wa Mama ulisimama kwa ungo. Halafu ukaendelea.

Niliikata mara mbili. Sikuikata njiti. Vipande viwili sawa sawa, nimepima na macho mara nyingi. Niliweka kimoja juu ya bakuli ya Baba na kimoja juu ya bakuli ya Mama. Wakakula hapo hapo jikoni, yeye kwa kizingiti, Mama kwa kigoda. Mama alianza na imondo. Baba alimwangalia akitafuna, kidogo tu, halafu akala yake. Hakufunga macho.

Bakuli ya Mama ilirudi tupu. Ya Baba haikurudi tupu. Ilikuwa na ufunguo wa chumba ndani, na simsim imeshika kwa meno ya ufunguo.

Nimeuosha na kuupangusa. Uko hapa juu ya daftari. Sufuria iko kwa moto, nakaanga simsim ya kesho, na gazeti nimelifunga.