Mkono Unaozama

Jumatatu, 2 Machi

Nimerudi na hasira kichwa kizima. Acha niandike kabla sijavunja kitu.

Miaka kumi na tisa nashika sindano. Nimechora mabaharia, wanajeshi, mabondia, na mchungaji mmoja (mtu asiulize wapi). Shule iliniacha darasa la sita, lakini ngozi naisoma kuliko daktari. Basi nikasikia wachora tatuu wa mji huu wana kikao chao kila Jumatatu, siku tunayofunga maduka. Wanaangaliana kazi, wanakosoana, kila mtu anyooshe mkono wake. Nikasema niende nikawape darasa. Na kweli nilitaka wanipigie makofi kidogo. Karibuni namchora mdogo wangu wa kike, kazi kubwa kuliko zote, na makofi hayajawahi kumuua mtu.

Kikao kiko nyuma ya duka la Baba Pacha. Viti vya plastiki, taa moja kali kama ya chumba cha upasuaji. Nikafungua albamu: picha mia mbili, tatuu zinang'aa, nyeusi ti! Hakuna aliyeinama kuangalia. Kuna mwanamke mmoja mdogo wa mwili, wanamwita Kiroboto — eti anauma kidogo tu, ukigeuka kazi imekwisha. Akaifunga albamu yangu kwa kidole kimoja. "Kaka, picha ya siku ileile ni harusi. Sisi hapa tunaangalia ndoa. Lete mtu uliyemchora zamani."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, kwa meno tu.

Jumanne, 3 Machi

Mdogo wangu kapiga simu. Daktari karuhusu! Kovu limekomaa, linachorwa. Mwaka na nusu tangu mashine ya kupigia pasi kule kwa dobi imbane na kumuunguza mkono, kuanzia kifundo mpaka kiwiko. Tangu siku hiyo hajavaa nguo ya mikono mifupi. Anataka mmea unaotambaa, majani madogo madogo, upite juu ya kovu lote.

Nikamtania: wachoraji wako wengi, nenda kwa mwenye sura nzuri. Akasema: "Sitaki mkono wa mtu, kaka. Nataka wako."

Jumamosi ya tarehe 21. Nilipokata simu machozi yakanitoka. Vumbi tu.

Alhamisi, 5 Machi

Kinyozi wa mkabala na duka langu. Rafiki wa miaka minane. Mwaka wa sita sasa tangu nimchore jina la marehemu mama yake mkononi, herufi za maringo, mikia kama ya jogoo. Nikamwambia Jumatatu twende, ukawe shahidi wangu. Akaanza: ana wateja, ana mafua, anatembelewa na shemeji. Nikauvuta mkono wa shati lake, kwa utani tu.

Sikuitambua kazi yangu.

Mistari imenenepa mara mbili. Wino umetapakaa chini ya ngozi, una kivuli cha bluu pembeni kama mtu aliyepigwa. Herufi zenye tundu zimeziba. Jina la mama wa watu halisomeki!

Nikamuuliza ilianza lini. Miezi mitatu tu baada ya kuchorwa, akasema.

"Na hukuniambia?"

"Ulinichora bure, wiki niliyomzika mama. Ulilia kuliko mimi mwenyewe. Ningeanzia wapi?"

Miaka sita mikono mirefu, kwenye joto lile la mashine za nywele. Na mimi kila siku namtania mbele ya wateja wake: huyu anaficha hirizi! Hakuwahi kunijibu. Hata mara moja.

Jumatatu, 9 Machi

Kinyozi kaja. Bila kubembelezwa.

Sheria yao: mwenye kazi anageukia ukuta, kimya, mpaka wote wamalize kusema. Mimi na kimya wapi na wapi! Nikageuka. Ukuta umepakwa rangi ya maziwa, una nyufa tatu, moja inafanana na mto. Nyuma yangu nikawasikia wanavuta viti, wanaushika mkono wa rafiki yangu chini ya taa.

Baba Pacha akaanza: mchoro ni mzuri, tusidanganyane, huyu jicho analo. Nikataka kugeuka niiname kama bondia aliyeshinda. Mwingine akadakia: "Jicho analo, mkono ndio unaozama. Anachora kama anachimba kisima." Halafu sauti ndogo, ya Kiroboto: "Anakandamiza ili iwe nyeusi leo. Anaichorea kamera, hamchorei mtu."

Hapo nikageuka kabla ya ruhusa. Nikauliza jambo moja tu: na kwenye kovu la moto, je?

Kiroboto akauangalia mkono wangu. "Kwa mkono huu? Utalipasua. Wino utatapakaa kama chai kwenye gazeti. Na likiamka likavimba upya, hakuna wa kulilaza."

Nikawaita wachawi wote, mmoja mmoja, kwa zamu. Nikatoka. Kinyozi akabaki nyuma anawaomba radhi. Kwa niaba yangu! Yeye mwenye mkono ulioharibika!

Jumanne, 10 Machi

Nimewapigia wateja wa zamani tisa, nikaomba picha. Wanne wametuma.

Siandiki nilichokiona. Nyani haoni kundule — mimi nimeonyeshwa mara nne kabla ya saa sita.

Ijumaa, 13 Machi

Nilirudi kwa Baba Pacha, nikaomba msamaha kwa wote, kwa zamu ileile niliyotukana. Wakanipokea kama vile sikusema kitu. Heri wangenizaba kofi.

Kiroboto kanipa zoezi. Nyanya mbivu. Uichore mistari, isilie. Ikitoa maji, umezama. Miaka kumi na tisa, mabaharia na mabondia, leo nachora nyanya! Nimeziliza kumi na nne. Mama watoto kaingia jikoni kapiga kelele: "Nyanya zangu zimeota ndevu!" Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikamweleza yote. Nilidhani atanitetea.

Akaendelea kumenya vitunguu. "Na ule wa begani kwangu? Mara ya mwisho kuutazama lini?"

Nikautazama. Ulikuwa ndege. Nikarudi kwenye nyanya.

Jumatatu, 16 Machi

Nyanya kumi mbele ya kikao. Tatu zimebaki kavu. Wakapiga makofi! Makofi niliyoyataka, ndiyo hayo, ya nyanya tatu.

Baba Pacha anasema miezi sita na mkono utakuwa mwepesi. Nina siku tano. Nikawaonyesha mmea niliouchora kwenye karatasi, kila jani limefuata kunjo la kovu — nililipima kwa karatasi laini, unywele kwa unywele. Wakaisogeza chini ya taa. Kiroboto akasema hajawahi kuona mchoro unaoliheshimu kovu namna ile. Halafu akasema: "Mchoro wako, sindano yangu. Nitakuja dukani kwako. Lakini kumwambia dada yako kwa nini, hiyo kazi ni yako."

Nikajibu tutaona. Kwa Kiswahili changu hiyo ni hapana iliyovaa tai.

Akija anakuja. Sikumkataza.

Jumamosi, 21 Machi

Naandika nikisubiri mchoro ukauke ngozini. Robo saa, usiguswe.

Mdogo wangu kaja amevaa sweta. Mlangoni akalivua: chini yake blauzi mpya ya mikono mifupi, bado ina makunjo ya dukani. Nikampaka dawa, nikabandika karatasi ya mchoro, nikabandua: alama tu za kufuata, sindano bado. Mmea umelala juu ya kovu kama umeota hapo. Akautazama kwenye kioo, akanishika shavu.

Kiroboto yuko kwenye kiti cha pembeni na mkoba wake. Nimemtambulisha: mgeni wangu, mwenzangu wa kazi. Basi. Hayo tu ndiyo yaliyotoka.

Mdogo wangu akamgeukia, anamtania: "Una bahati, dada, leo unamwona fundi. Kaka yangu hajawahi kumharibu mtu hata mmoja."

Nani alimwambia? Mimi. Tangu kitandani kwake hospitalini, mwaka na nusu sasa, nikimpoza, ndiyo hadithi niliyokuwa nampa.

Kiroboto akaufungua mkoba wake magotini. Alinitazama tu. Nikafungua mdomo nimwambie mdogo wangu — kikatoka kichekesho. Kizuri hata! Kacheka mpaka nikamkanya asitikise mkono.

Robo saa imekwisha. Nilivaa glavu, nimezivua niandike hili. Mashine yangu iko mezani. Mkoba wa Kiroboto uko wazi magotini, lakini hajatoa kitu. Mdogo wangu kaulaza mkono kwenye mto, kafumba macho.

"Kaka, mbona umenyamaza? Wewe!"

Nazivaa tena. Ya kushoto imeingia. Ya kulia bado iko mezani: huo ndio mkono unaozama, na bado sijamwambia.