Bakuli la Baba Lornah

Kaloleni, Kisumu
Julai 1992

Mwanangu Lornah,

Tuko salama, ila upepo uling'oa bati moja la jikoni.

Ile sufuria ya stima, ya kupikia kwa umeme, mliyotuma wewe na mumeo Minh ilikaa chini ya kitanda tangu Pasaka. Baba yako aliapa kwamba huyo Mvietnam hatakanyaga hapa, na chakula chake pia hatakionja.

Jumapili nikachoka na kiburi chake. Kabla ya kanisa nikaitoa sufuria, nikaweka nyama, tangawizi, kitunguu saumu na sukari kama ulivyoniandikia, nikaiacha ijipikie. Mchuzi wao wa samaki hapa haupatikani, basi nikachemsha omena na chumvi, nikachuja, nikamimina. Tuliporudi nyumba nzima ilinukia. Nikampakulia baba yako juu ya wali, bila kumwambia ni chakula cha nani.

Akala yote. "Mama Lornah, hii ina omena?"

"Ndiyo. Kwao Minh hawapiki bila samaki wadogo kama hawa."

Akasukuma bakuli niongeze.

Leo nilimshika jogoo nimpeleke sokoni Kibuye. Akanizuia mlangoni: "Mwache huyo. Mkwe akija atakula nini?"

Njooni upesi, jogoo anazeeka.

Mama yako,
Perez