Aliyewatembeza Wageni Guangzhou

Guangzhou,
21 Juni 2009

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Presha inaendeleaje, na lile goti? Mimi mwili mzima, ila joto la huku mwezi huu halina adabu. Shati linaganda mgongoni kabla sijafika barabarani. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, nusu nyingine unajijazia mwenyewe, halafu majirani wote wa Kashai wanapata habari ambazo sikuzisema. Barua ataileta Adrian, yule mfanyabiashara wa viatu wa Mwanza. Ukitaka kunijibu mpe yeye, haishi kwenda na kurudi.

Habari kubwa ni kwamba Yustina na Dainess wanakuja! Wanashuka Jumapili ijayo, na watakaa wiki nzima. Yustina anataka nguo za duka lake, Dainess yuko likizo ya ualimu na anasema anakuja kushangaa tu. Tangu tumalize sekondari hatujawahi kulala nyumba moja sisi watatu. Nimeshapanga kila kitu. Jumatatu nawapeleka Shisanhang wakaone nguo za jumla, Jumanne Zhanqian karibu na stesheni ya treni, Jumatano Guangyuan Xilu, ambako wachukuzi wanapita na marobota wakikupigia kelele upishe. Siku zinazobaki tutapanda boti ya mtoni na kuzurura, na Jumapili tutasali kwenye lile kanisa kubwa la mawe kabla sijawasindikiza uwanja wa ndege.

Linalonisumbua ni moja, na usiwaambie. Viza yangu imeisha muda. Askari siku hizi wanaingia kwenye majengo ya biashara, wanafunga milango na kudai pasi mtu mmoja mmoja. Korido zilizokuwa zimejaa Kiswahili na Kilingala sasa unasikia viatu vyako mwenyewe. Jana nilipita kwa kinyozi mmoja Mnigeria. Feni inazunguka, nywele ziko kwenye kiti, chai inatoa mvuke, mwenyewe hayupo. Nikamuuliza laoban wa duka la pili, ndivyo tunavyowaita mabosi wa huku. Akasema, "Mei you," yaani hakuna, kana kwamba hapo hajawahi kukaa mtu.

Niombee. Huwa napita ngazi za nyuma.

Binti yako,
Gaudiosa


Kashai, Bukoba,
12 Julai 2009

Mwanangu Gaudiosa,

Marahaba. Presha imetulia, goti linanung'unika wakati wa mvua tu. Nyinyi mnalia joto, sisi upepo wa ziwani unatufukuza barazani mapema.

Wageni wako wamerudi salama. Wametoka melini moja kwa moja mpaka kwangu, makwao hawajafika. Asante sana mwanangu kwa ulivyowatunza. Yustina hafungi mdomo. Picha tumeziangalia zote, wewe hata moja haumo. Nikauliza, "Mwenyeji wenu yuko wapi?" Akanijibu, "Shangazi, kamera alishika yeye." Sasa nani alikwambia nataka kuona maghorofa?

Wanasema umekonda na umekuwa mkimya. Wanasema mlikuta milango ya mbele imefungwa kwa minyororo, ukawapandisha ngazi za giza, ukasukuma mlango, mkatokea katikati ya soko. Na hiyo Jumatano askari walikuja kweli. Ukawashika mikono ukasema, "Simameni tu. Leo hawatuoni." Askari wakapita, mmoja akamgusa Yustina bega na hakugeuka. Mkongo aliyesimama pembeni yenu walimchukua. "Mkono wake ulikuwa wa baridi, Shangazi," ndivyo alivyoniambia Dainess. "Sisi tumelowa jasho, yeye mkavu kama ndiyo kwanza amevaa." Mimi nimekuwa muuguzi miaka mingi, na mtu asiyetoka jasho kwenye joto huwa simpendi. Kapime damu.

Halafu kula! Wanasema kila mezani ulikuwa unawaambia, "Kuleni, mimi nimeshakula."

Kuna kitu kimenishangaza. Yustina anasema hukutaka kuzungumzia maisha yako ya huko, uliuliza ya hapa tu, mpaka ukauliza kama mlango mpya wa jikoni kwangu bado unagoma kufunga. Nani amekwambia nimebadilisha mlango? Yustina mwenyewe ameuona leo kwa mara ya kwanza.

Mkiagana uwanja wa ndege, wewe uliwaambia, "Mwambieni Shangazi nakuja." Niliposikia hivyo nililia mbele yao bila aibu. Tangu tumzike baba yako nyumba hii imekuwa kubwa mno. Safari hii usinidanganye.

Mimi shangazi yako,
Martina


Guangzhou,
16 Julai 2009

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui barua hii itakukuta katika hali gani. Mimi nimetoka kizuizini juzi. Mwili uko sawa, usiogope.

Nakuomba kabla ya yote uwatafute Yustina na Dainess uwaombe msamaha kwa niaba yangu. Sikuwapokea. Jumapili ile nilitoka mapema kwenda uwanja wa ndege, nikapitia Zhanqian niwanunulie matunda, nikaingia kwenye ukaguzi. Askari akasema, "Pasi." Nikampa. Akaitazama viza, akanitazama mimi, akanionyesha gari kwa kidole. Simu wakachukua. Hadi leo naona picha yao wamekaa juu ya mabegi, wananipigia, simu haipokelewi, hawajui hata neno moja la watu wa huku. Walilala wapi? Walirudi salama? Namba zote zimepotea na simu, hata yako.

Tulikuwa wanawake watupu, tunalala sakafuni, taa haizimwi. Ili nisichanganyikiwe, nilikuwa nafumba macho kila asubuhi nawatembeza wageni wangu. Kweli, Shangazi. Nilianza na Shisanhang, duka kwa duka, nawaambia waupishe mkokoteni. Nilipofika Guangyuan Xilu nikawapandisha ngazi za nyuma kwa sababu mbele nilijua pamefungwa. Nikawaza, je, askari wakija? Nikawashika mikono nikawaambia, "Simameni tu. Leo hawatuoni." Nadhani nilisema kwa sauti, maana Mganda mmoja aliyelala pembeni yangu, anaitwa Blessing, aliniuliza, "Unaongea na nani?"

"Na wageni wangu," nikamwambia.

Akavuta blanketi lake akahamia ukutani. Hakunisemesha tena.

Wamenipa karatasi ya kuondoka nchini. Nasubiri muhuri wa mwisho, ndipo nikate tiketi. Nakuja nyumbani, Shangazi, safari hii kwa kutaka na kwa kutotaka.

Binti yako,
Gaudiosa


Kashai, Bukoba,
2 Agosti 2009

Mwanangu Gaudiosa,

Salamu zako nimezipokea, lakini za kwangu leo ni fupi kwa sababu sina utulivu.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Mwanzo nilidhani unanitania. Je, ile ya kwangu imekufikia? Kama imefika, umeshaelewa kwa nini naandika hivi.

Niliwaita wale wawili. Sikuwaonyesha kitu. Niliwauliza tu, "Askari walipopita, Gaudiosa aliwaambia nini?" Wakajibu kwa pamoja, "Simameni tu. Leo hawatuoni." Ndipo nikawasomea barua yako. Dainess alitoka nje, nikamsikia anasali kwenye ua. Yustina akawa mkali. "Shangazi, mimi nimelala naye chumba kimoja wiki nzima!"

"Alilala?"

Yustina akasema polepole, "Sikumbuki kumwona amelala. Kila nikishtuka namkuta amekaa kitandani, anatutazama. Nilifikiri anafurahi kutuona."

Tangu siku hiyo hawajakanyaga hapa kwangu.

Mimi si mwoga. Nimeosha maiti wengi kazini na usiku huohuo nikalala. Lakini nakuuliza, unijibu ukweli. U hai? Kuna jambo lilikupata huko ndani? Nimekuombea misa kama mtu aliye hai, na padri nimemwambia hivyo. Niandikie kwa mkono wako.

Mimi shangazi yako,
Martina


Guangzhou,
30 Agosti 2009

Shangazi,

Shikamoo. Niko hai. Mwandiko unaujua, ni huu. Barua zako zote mbili Adrian amenipa pamoja, na nilipozimaliza nilibaki nimekaa ngazini hadi watu wakaanza kuniruka.

Nimezunguka kuuliza. Mama mwenye nyumba wangu ananiambia, "Uliingia na marafiki wawili, mlango nilikufungulia mimi mwenyewe." Yule laoban mwanamke wa suruali za jinzi kule Shisanhang akaniambia, "Ile siku ulipendeza. Leo umechoka." Kwa hiyo Yustina na Dainess hawakusema uongo. Mtu alikuwepo.

Sasa nikueleze yanayonipata. Wachukuzi wananigonga na marobota kisha wanaangalia walichogonga, hawaoni. Madukani nilikozungusha wateja miaka yote hii nasimama kaunta hadi nachoka, hakuna anayeniinulia macho. Ofisini namba yangu wanairuka. Na sisikii njaa. Wali unapoa mbele yangu, nauangalia kama chakula cha mtu mwingine. Adrian alipoleta barua zako alinialika kula, nikasikia mdomo wangu unasema, "Nimeshakula."

Nimejikataza kuwaza nyumbani, Shangazi. Wale niliwawaza wakatembezwa. Nikiwaza huko je? Lakini juzi nilisinzia kwenye foleni ya muhuri, nikajisahau. Nikajiona nashuka melini Bukoba, napandisha mpaka Kashai, nashika lango. Wewe unamenya ndizi. Unaniangalia unasema, "Karibu, umechelewa." Ilikuwa tamu mno, sikuweza kuikatisha. Nilipofumbua macho ofisi imefungwa, watu wote wameshaondoka. Mlinzi alikuwa anafunga madirisha, akapita mbele yangu bila kuniona.

Nitaendelea kwenda hadi waniite. Barua hii nampa Adrian, lakini anapitia kwanza Dubai, kwa hiyo itachelewa. Namwomba Mungu iwahi. Kuna mtu akija kabla yangu, Shangazi, usimfungulie.

Binti yako,
Gaudiosa


Kashai, Bukoba,
20 Septemba 2009

Mwanangu Gaudiosa,

Marahaba. Sijui kama nikuulize hali. Adrian ameleta barua yako leo baada ya misa. Imechelewa, mwanangu. Nilishafungua.

Alikuja Jumanne, meli ilipoingia. Mvua inanyesha, nimekaa mlangoni namenya ndizi, nikaona mtu amesimama langoni, hana begi, miguu yake mikavu. Nilijua. Usidhani sikujua. Barua zako za nyuma si ndizo nalala nazo chini ya mto? Lakini ni wewe, Gaudiosa, mpaka namna unavyoinamisha kichwa ukiwa na haya. Nikasikia ninasema, "Karibu, umechelewa." Akaingia.

Leo Adrian alimkuta amekaa barazani. Akashtuka. "Gaudiosa! Mimi si nimekuacha Guangzhou?"

Akamjibu kwa upole tu, "Wewe ulitangulia kutoka, mimi nimetangulia kufika."

Adrian hakumaliza kahawa yake. Amesema barua hii ataipeleka kwa heshima yangu, na kwamba ni ya mwisho kuibeba.

Sikumfukuza. Ningemfukuza vipi? Jioni anakaa na mimi. Ameniuliza juu ya mazishi ya baba yako, nani alibeba, nani alilia, kaburi limechimbwa upande gani, na ameniacha nieleze yote mpaka mwisho bila kunikatiza. Tangu kaka yangu afe nilikuwa sijapata mtu wa kumweleza.

Sasa sikiliza, na nijibu upesi kwa njia yoyote, hata simu, namba yangu nimempa Adrian, nitasikia. Jumanne nilimshika kifundo cha mkono kama nilivyozoea wodini. Sikupata kitu. Nilimwekea chakula, akasema ameshakula. Alhamisi alimega kipande cha ndizi, akakitafuna muda mrefu sana. Jana alikula nusu sahani. Leo amemaliza, ameomba kuongezewa, na jasho limemtoka kwenye paji la uso. Nimemshika tena mkono. Mapigo yapo. Membamba, lakini yapo.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku ile langoni. Yametoka wapi?

Wewe huko unakula? Kama tangu Alhamisi umesikia njaa, basi ninachompa kinakufikia, nami nitapika kila siku mpaka muhuri wako utoke uje. Yeye nimeshamwambia unakuja, akasema hana neno, atakuachia kitanda. Lakini kama hujasikia njaa, kama unazidi kuwa mwepesi, niambie nimnyime chakula. Nimnyime, ingawa nikimtazama usoni sijui kama nitaweza.

Ananiita. Anasema chai imekuwa tayari, niache kuandika, macho yataniuma.

Mimi shangazi yenu,
Martina