Mume Wangu Ameipenda Sakafu ya Bafu, Hataki Iguswe

Mpendwa Shangazi, nisaidie kabla sijashika msasa nikavunja ndoa yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Mume wangu ni seremala wa samani, na mama yangu mzazi alipopasuliwa goti tukaona hataweza tena kushuka ngazi kila akitaka kuoga, maana chumba cha kumpa kiko juu na bafu liko chini, mume wangu bila kuombwa akasema, "Mama atakaa nasi, nitamjengea bafu huku huku juu," nami nikalia kwa furaha, kwani ni wangapi wanaompokea mama mkwe kwa mikono miwili? Basi akatandika plaiwudi nene juu ya boriti, akaifunga skrubu, na fundi wa vigae, tunayemwita Taratibu kwa kuwa hajawahi kukimbilia kitu, akamwambia kwenye simu, "Hakikisha umeiziba isinywe maji kabla sijaja." Shangazi, unamwambia hivyo seremala wa samani! Akapaka vanishi, akapiga msasa laini, akapaka tena, ikakauka, akapaka tena, mpaka sakafu ya bafu ikang'aa kama meza ya wageni, na mume wangu, ambaye tangu kazi zipungue alikuwa anakula kimya na kulala kimya, akaanza kuimba.

Sasa majirani wanakuja kuitazama na wanavua viatu mlangoni, wifi yangu amepiga picha humo na mumewe, juzi tumetandika mkeka tukanywa chai humo humo bafuni tukicheka, na mimi nikibaki peke yangu nacheza humo peku, sikufichi. Lakini Taratibu alipokuja akapitisha kiganja, akatikisa kichwa: "Kaka, gundi yangu haitashika hapa, panateleza kama sahani. Lazima pakwanguliwe." Mume wangu akasimama katikati ya bafu, akatanua mikono, "Atakayekwangua hapa aanze na mimi!" Taratibu akafungasha vitu vyake, fundi bomba naye anasubiri, hata tundu la maji hajatoboa, mama anakuja mwisho wa mwezi na kila nikimpigia anauliza bafu limefikia wapi, nami namjibu, "Linang'aa, mama." Je, nikwangue kwa siri akiwa karakanani kwake, iliyo hapo chini ya bafu lenyewe? Naogopa nitaikwangua na furaha yake, na sijui kama itarudi tena.

Mke wa Seremala

Mke wa Seremala, nimecheka mpaka machozi, kisha nikakasirika. Watu wazima mnanywa chai bafuni! Kipenda roho hula nyama mbichi, sawa, lakini mama yako haogi kwa nyimbo za mkweo.

Hapana, nimekosea kwa hasira: si mkweo, ni mkwewe, yaani huyo mumeo, na ni mkwe wa kuringia. Kosa lake si uvivu, ni ufundi uliopelekwa pasipo pake. Plaiwudi ya chini ya vigae huzibwa ili isinywe maji, haizibwi ili isifiwe. Gundi inataka uso wa kung'ang'ania. Vigae vikikaa juu ya huo mng'ao vitaachia kimoja kimoja, na wa kwanza kukanyaga kilicholegea atakuwa mwenye goti bovu. Nawe ulipoona anapaka mara ya pili ulikuwa wapi? Ulikuwa unacheza!

Msasa wa siri usiuguse. Mtu aliyerudiwa na wimbo wake haviziwi. Mkalishe umwambie wazi, "Mume wangu, kazi yako ni nzuri, ila inatazama upande usio wake." Kisha afungue skrubu aigeuze plaiwudi, maadamu tundu halijatobolewa. Vanishi itazame chini, huko itafaa, kwa sababu unyevu hupanda pia kutoka chini. Kingo nazo azipake apendavyo, ruhusa nimempa. Na hiyo karakana msiiwekee dari. Akiinua macho kutoka kwenye benchi lake aione kazi yake.

Uso wa juu mwachieni Taratibu, na mkamwombe radhi leo leo. Skrubu zikae karibu karibu ili sakafu isicheze. Ipakwe praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, inayopatana na gundi yake, viungo na pembe zibandikwe utepe, kisha kizuia maji kipakwe sakafu nzima na kupandishwa mpaka sehemu ya ukuta, na kiachwe kikauke kabla ya kigae cha kwanza. Mumeo akionekana na msasa laini karibu na hapo, mnyang'anye!

Siku mama atakapooga humo mara ya kwanza, mumeo asimame chini karakanani, uso juu. Maji yatamwagika, mama ataoga ashibe, na mumeo huko chini hatadondokewa hata na tone. Hapo ndipo umpigie vigelegele.