Ng'ombe Wako Asilie Tena

Wanataka kumchinja Sifa, Baba Nekesa! Ng'ombe wako. Ndugu yako Barasa ameshanoa kisu, na mimi nimejifungia chumbani kwetu hapa mtaa wa Lindi, Nairobi, naandika na kalamu ya biki, kwa sababu nikimwambia mtu mwingine nitapiga nduru.

Salamu nimezisahau. Zipokee sasa, zimechelewa lakini ni zangu.

Mwaka umeisha tangu tukuzike. Ukoo umesema maombi ya ukumbusho yafanyike huku Nairobi, Kawangware, pale pale kwa zizi la Sifa kwenye ploti ya Mama Njoki, kwa sababu watu wako wengi wako huku na nauli ya nyumbani ni shida. Kwa mkutano Barasa akasimama, tumbo mbele, akasema, "Na wageni watakula nini? Kuna ng'ombe tasa amesimama pale. Mamake alitoka kwa boma langu. Ng'ombe asiyezaa ni nyama inayotembea." Watu wakacheka.

Nikasimama pia. Unanijua. "Shemeji, Sifa si tasa. Na msichana wangu atakuonyesha."

Akaniangalia kutoka miguuni mpaka kwa kitambaa cha kichwa. Lakini hata yeye anajua desturi ya kwetu, mwenye mimba hachinjwi kwa karamu. Akasema mbele ya wazee, "Akishika, sitamgusa. Asiposhika, mniletee sufuria."

Ngoja kwanza nikuambie juu ya huyo msichana. Nekesa amemaliza chuo cha mifugo! Ana gambuti zake na koti la kijani lenye jina kifuani, jina lako liko hapo mwisho. Tukishuka kwa matatu stage ya 56, Kawangware, vijana wanasema, "Daktari amefika." Mimi hutembea nyuma yake polepole, ili watu wapate muda wa kuuliza huyu ni wa nani. Ni wangu. Mimi darasa la saba lilinishinda, na nimezaa mtu wa koti.

Lakini huyo mtoto aliniondolea kitu, Baba Nekesa.

Unakumbuka jioni za matanga yako... hapana, utakumbukaje, ulikuwa mochari. Tulikuwa tunaimba pale kando ya zizi na Sifa akaanza kulia. Si mlio wa njaa, ule ninaujua. Alilia akiangalia geti, akakataa chakula, akazunguka na kamba mpaka ikamsokota mguu. Pasta akanyamaza katikati ya wimbo. Wanaume wakavua kofia. Mama Njoki akajishika kichwa: "Ai, hata mnyama anamlilia mwenyewe!" Mimi nililia, na nikajivuna pia. Nikaitangaza habari hiyo Lindi yote, mpaka kwa wauza omena wa Kisumu Ndogo: nani mwingine ameliliwa na ng'ombe? Baada ya wiki tatu akalia tena. Tukamwombea, tukamfunga kitambaa cheusi shingoni. Halafu mlio ukapotea kabisa na maziwa yakaanza kukauka. Nikasema huzuni imemmaliza. Kila nikikosa usingizi nilikuwa najiambia, si mimi peke yangu, tuko wawili.

Nekesa aliporudi nikamsimulia. Akaniangalia na yale macho yako.

"Mathe, huyo hakuwa anamlilia Baba. Alikuwa kwa joto. Alikuwa anaita dume."

Nilimwambia aondoke mbele yangu. Nilihisi umekufa mara ya pili, na safari hii bila hata ng'ombe wa kukulilia.

Akangoja nitulie, akanieleza. Joto la ng'ombe likija na asipopandishwa, linapita, linarudi baada ya wiki tatu. Lilipita sisi tukiimba. Likarudi sisi tukifunga kitambaa. Halafu nguvu zikaisha, maana baada yako hakuna aliyemkatia nyasi vile ulikuwa unakata, alikula maganda ya soko tu, na mayai yake yakalala. Basi tukamlisha kwanza mpaka mbavu zikafunikwa. Ndipo Nekesa akaleta kidude cha plastiki kama herufi Y, kimejaa dawa. Inaitwa homoni. Anasema inatengenezwa kiwandani ifanane na ile mwili wa ng'ombe wenyewe hujitengenezea. Alivaa glavu mpaka bega, akakiingiza kule ndani, kamba yake ikabaki nje inaning'inia. Mimi akanikataza kugusa: "Dawa hizi zinapita hata kwa ngozi, Mathe. Kaa huko."

Kikakaa karibu wiki. Barasa akapita, akaona ile kamba, akaruka nyuma. "Mmemfungia ng'ombe wa ndugu yangu uchawi matakoni?" Yaani ungekuwepo! Ungecheka mpaka ukae chini. Mama Njoki naye akasema hiyo ni family planning, maziwa yake yatamaliza vizazi ploti nzima. Nekesa akamjibu kwa adabu, "Shosho, hapa tunatafuta, hatuzuii."

Akakitoa, akadunga sindano. Siku ya pili, nikiwa nachota maji, Sifa akalia.

Ni mlio ule ule. Ule wa matanga. Akiangalia geti vile vile, akizunguka vile vile. Ndoo iliniponyoka nikakaa pale chini kwenye matope, kwa sababu hapo nilijua mtoto alisema ukweli. Nekesa hangeweza kungoja, joto halingojei mjane. Akampandisha kwa mrija wenye mbegu ya dume, akanawa mikono, kisha akaja akakaa na mimi matopeni na koti lake la kijani. Hakusema "si nilikuambia".

Sasa sikiliza, hapa ndipo niko. Kama hakushika, atalia tena wiki tatu zikiisha. Zinaisha Jumamosi, siku ile ile ya maombi yako. Mimba yenyewe mkono wa Nekesa hauwezi kuipata bado, ni changa. Wazee wamesema Sifa akinyamaza mpaka wageni waende, Barasa atangoja apimwe. Akilia, kisu. Na Nekesa hanidanganyi, anasema dawa huamsha, haiapi. Wengine hawashiki mara ya kwanza.

Bila Sifa nimebaki na nini? Maziwa niliyowauzia majirani ya chai yalikuwa yanatoka kwake. Na mtoto wako, ng'ombe wake wa kwanza kabisa kutibu, watasema binti wa marehemu alimharibu ng'ombe wa babake kwa sindano. Nani atamwita tena? Usiku halali usingizi. Anakunja lile koti, anakunjua, anakunja.

Leo asubuhi nimefika zizini Sifa akainua kichwa, akaangalia geti, akafungua mdomo. Nikamrukia! Nikamshika mdomo kwa mikono miwili, "Nyamaza mama, nyamaza, nakuomba." Akanipigia chafya usoni. Mama Njoki aliniona amesimama dirishani. Hakucheka. Alifunga pazia.

Nikafikiria kitu nikiwa nimejipangusa. Ulikuwa unapiga mluzi ukifika pale getini, na yeye anakuitikia. Kila jioni. Ulikuwa unaniambia, "Umeona? Huyu ananisalimia kabla yako." Nilikuwa naona wivu, ukweli wa Mungu.

Baba Nekesa, sijui mnaruhusiwa nini huko. Kama huwa unapita Kawangware, usipige mluzi. Nitakuwa nimesimama kando yake siku nzima, mkono wangu shingoni mwake, na kile kitambaa cheusi nimekitoa nimejifunga mimi. Watakaposema mbona safari hii ng'ombe hamlilii mwenyewe, wacha waseme. Nitakulilia mimi. Nakuahidi, nitalia kwa sauti ya wawili, mpaka Barasa azibe masikio.

Lala salama, mume wangu. Lala kimya.

Wanakuja wote Jumamosi.