Nikifunga Bwawa, Nani Atakuja Kwangu?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana akili yangu imefika mwisho na hapa Lodwar sina wa kumwambia. Mimi ni mjane, watoto wangu wako mbali na simu zao ni za sikukuu tu, na marehemu mume wangu Ekeno aliniachia kiwanja chenye nyumba mbili, moja naishi na nyingine napangisha, na katikati kuna bwawa la kuogelea alilowachimbia wageni wa mashirika ya misaada, linalojazwa kwa bomba, akalizungushia wavu wa chuma na geti la kufuli. Baada ya kumzika ukaja ukame, majirani wakawa wanasimama nje ya wavu na mitungi yao wakiyatazama maji, nami Mturkana ningewezaje kumnyima mtu maji, nikaung'oa wavu wote, tena nikaacha kutia dawa ya kusafisha maji ili mbuzi wao wanywe bila kudhurika. Tangu hapo kila asubuhi wanakuja, "Ejok, mama!" nami naitikia "Ejok!", watoto wanapiga kelele, nami nakaa kwenye kiti changu pale ukingoni na kusahau kwamba nyumba yangu ni tupu.

Sasa nina mpangaji, Pascaline, Mkongo aliyehamia hapa kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mwenye binti anayeitwa Benita ambaye ndiyo kwanza anatembea. Juzi Benita alimfuata mbuzi mpaka ukingoni akatumbukia, na kwa vile maji yamekuwa ya kijani hatukumwona, tuliona kiatu tu kikielea, mpaka jirani yangu Apua akaruka na nguo zake, akapapasa chini, akamtoa. Mtoto alitapika maji, akalia, yu mzima. Pascaline akaniambia, "Mama, miye sina ugomvi na weye, lakini ile maji uifunge. Kama hapana, miye nahama." Apua naye akasema, "Sasa mama, ukifunga, sisi tutaenda wapi?" Mshauri, nisikufiche, si maji tu ninayowaza. Naogopa nikilifunga bwawa hakuna atakayekuja tena, nibaki na redio. Nifanye nini?

Nakiru, Lodwar

Mama Nakiru, pole kwa kufiwa na pole kwa upweke, najua nyumba isiyo na sauti inavyochosha. Lakini nisikilize, maana nitakukaripia kidogo. Mwenye nyumba ni wewe. Mtu akizama katika bwawa lako wa kuulizwa ni wewe, si Pascaline wala mbuzi. Uliwahurumia mbuzi ukaacha dawa, ukasahau kwamba maji yasiyoonyesha sakafu humficha mtoto. Na sasa unasitasita, roho ya mtoto wa mwenzako upande mmoja na salamu za asubuhi upande mwingine? Hapana, mama. Hapo umekosa, na Pascaline anastahili kulisikia hilo kutoka kinywani mwako.

Mwite fundi leo hii. Mpaka afike, zungushia bwawa matawi ya miiba ya mti wa mathenge, na mtoto yeyote asikanyage uani bila mtu mzima. Miiba ni ya kusubiria tu, mbuzi wataipenya. Unachotaka ni ua wa vyuma vilivyosimama wima, mrefu, usio na pa kukanyagia, na geti linalojifunga lenyewe, komeo lake juu mkono wa mtoto usikofika. Rudisha dawa mpaka uione sakafu. Tundika boya na kamba mahali pa kuonekana.

Maji usimnyime mtu, nani kakuambia umnyime? Lile bomba linalojaza bwawa lirefushe mpaka nje ya ua, weka mfereji wa watu kuchotea na hori la mbuzi kunywea. Maji ya bwawa hayakuwa ya kunywa tangu mwanzo.

Unaogopa hawatakuja. Apua aliruka na nguo zake kumwokoa mtoto asiye wake, palepale kwako. Na alipokuuliza, hakusema watachota wapi. Alisema wataenda wapi. Kwa hiyo fundi akimaliza, kiondoe kiti chako ukingoni mwa bwawa, kiweke nje kando ya mfereji. Na uweke kingine, cha Apua.