Nyasi za Kasiva

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Miezi miwili sasa tangu mke wangu Kasiva aende kwao Nuu. Alikwenda kumuuguza mama yake. Mama alipona zamani — shemeji anasema anakwenda kanisani kwa miguu! Kasiva harudi. Na najua kwa nini. Mbuzi wangu waliingia kwenye nyasi zake za mbele ya nyumba, zile za pemba alizopanda kishina kwa kishina, na mimi nikacheka. Nikasema afadhali zimepata kazi. Alifunga begi.

Leo nimezitazama vizuri. Manjano tupu. Nimeamua atazikuta kijani. Lakini naanzia wapi? Miaka arobaini hapa Matiliku nimekuwa naua nyasi, si kuzilisha.

Alhamisi, 9 Oktoba
Binti yetu Mbithe ametuma maelezo kwa WhatsApp. Mbolea ya nyasi huwekwa spring, tena autumn, majira ya huko Ulaya. Spring ya Matiliku ni lini? Nikampigia. Akasema hata yeye hajui, nisome tu. Nimesoma mara tatu. Kuna picha ya mzungu na theluji.

Jumamosi, 11 Oktoba
Kitheka wa duka la agroveti anasema ningoje mvua, udongo ulowe, ndipo nirushe mbolea ya kukuzia, kidogo kidogo. Kitheka! Hajawahi kupanda hata sukuma wiki. Sisi hapa tunapanda kukiwa kavu, mbegu na mbolea, ili mvua ikija ikute kazi imekwisha. Mahindi yangu hayajawahi kulalamika.

Nimenunua kilo kumi za hiyo mbolea, nimemwaga zote. Juu yake nikatandaza samadi mbichi ya zizini. Kasiva asije akasema nilibania.

Jumatano, 22 Oktoba
Mvua hakuna. Juzi manyunyu tu. Leo nyasi zina mistari ya kahawia, na mistari inafuata vile nilivyorusha mkono! Zimeungua kwa mbolea. Nimeunguza kitu cha mke wangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kasiva alipiga jioni. Akauliza nyasi iko aje. Si mimi — nyasi. Nikasema iko tu sawa. Kwa nini nilisema hivyo?

Jumanne, 11 Novemba
Mvua imeshika wiki nzima. Kijani kila mahali! Nilifurahi nusu saa. Kisha nikainama: ni magugu, kishona nguo, mbigili, na vitu hata jina silijui. Vyote vimetoka kwa ile samadi. Kitheka ana dawa inayoua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi, kama inavyoacha mahindi. Dawa gani hiyo inayojua kuchagua? Sikununua. Labda ningenunua. Sijui tena nimwamini nani, na mimi mwenyewe sijiamini.

Nimeng'oa kwa mkono mpaka magoti yakakataa. Hatua tatu tu. Basi niite mwethya, wanawake wa kulimiana. Kikundi cha Kasiva siwezi, wangempigia simu kabla hawajashika jembe. Nimeita kile cha ng'ambo ya mto. Mwenyekiti wao, Mutindi, amesema Jumamosi.

Ijumaa, 14 Novemba
Kasiva amepiga simu, anakuja kesho! Hakusema kama ni kukaa ama ni kuchukua nguo zilizobaki. Sikuuliza. Niliogopa.

Jumamosi, 15 Novemba
Naandika nikiwa jikoni, maji ya chai yanachemka. Mungu wangu.

Walifika saa nane, wanawake kumi na wawili na majembe yao. Nikawaonyesha mahali, nikasema watoe magugu yote, nikaenda sokoni kununua mkate. Nimekaa saa moja tu! Nimerudi nimekuta udongo. Mwekundu, safi, umelimwa kwa mstari. Nyasi za pemba ziko zizini, mbuzi wanatafuna. Na siwezi kuwalaumu. Kama ni mimi nimeitwa kwa mtu, nikaenda na jembe langu, ningeacha nyasi hata moja?

Mutindi anatabasamu, jasho linamtiririka. "Baba Mbithe, shamba ndiyo hiyo sasa. Utaweka pojo ama kunde?" Nitamgombezaje? Wamefanya bure, na wanaimba.

Pikipiki imesimama langoni.

Ni yeye. Begi moja. Namwona kwa dirisha. Amefika pale nyasi zilikuwa zinaanzia, amesimama. Wanawake wamemsalimu, ameitikia. Mutindi anamwonyesha kazi yao, anajivuna. Sasa Kasiva ameinama, ameokota udongo, anausugua kwa vidole.

Nitoke? Nitasema nini? Kwamba nilitaka kumfurahisha? Ni kweli, lakini nani ataamini akiangalia pale!

Anaita. "Baba Mbithe! Leso yangu ya shamba uliweka wapi?"

Sauti hiyo siielewi. Si ya hasira. Si ya kicheko. Leso ya shamba, ile ya kujifunga akilima — mtu wa kuondoka angeiuliza? Nadhani ndiyo nilifungia gunia la mbolea. Haiko kwenye kamba. Haiko nyuma ya mlango.

Anaita tena.